Wanasifia Upepo wa Ziwa, Hawarudi
Maswali ya wasomaji wetu wa Kigoma kuhusu nyumba na viwanja

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina nyumba Katonga, vyumba vitatu na sebule, marumaru sakafuni, bati jipya. Mwaka sasa tangu nimkabidhi dalali aiuze. Watu wanakuja, wanasifia upepo wa ziwa, wanaondoka na hawapigi simu tena. Ziwa lilipopanda maji yaliishia uani, ndani hayakuingia. Nimepaka rangi mara mbili. Nifanye nini kingine?
Mama wa Katonga

JIBU: Mama yetu, rangi ndiyo inayokuumbua. Mnunuzi anayeijua Kigoma akifika nyumba ya ufukweni haanzii sebuleni. Anainama kwenye kona ya nje na kuangalia chini ya ukuta. Plasta iliyokunywa maji hutoa unga mweupe wa chumvi, na rangi iliyopakwa juu yake huvimba malengelenge kisha hubanduka kuanzia chini kwenda juu. Akiona futi tatu za chini zina rangi mpya kuliko sehemu ya juu, ameshajua kuna mstari wa maji unafichwa. Hapo hata hati yako halali ataitilia shaka.

Anachoogopa kina msingi. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaolitoa maji, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa jua. Ndiyo maana yakipanda hayana haraka ya kushuka. Kila mwaka hupanda na mvua, yakafika juu kabisa karibu na Aprili au Mei, na kushuka hadi chini karibu na Oktoba au Novemba. Juu ya hilo kuna mabadiliko ya miaka mingi: mnamo 1878 maji yalikuwa juu sana, kisha udongo uliokuwa umeziba Lukuga ukabomoka na ziwa likashuka kwa miaka. Pale Ujiji, Livingstone na Stanley walipokutana 1871, leo pako mbali na maji. Kuanzia 2020 ziwa likarudi juu na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Mtu akiletwa kwako Oktoba, fukwe pana, dalali akimwambia "maji yako kule", anajiuliza Mei yatakuwa wapi.

Kwa hiyo mpe kipimo. Tafuta mahali maji yalipofika juu kabisa, kwenye ukuta wa uzio au shina la mwembe. Fundi mwenye mpira mwembamba uliojazwa maji, ule wa kupimia levo, ahamishe alama hiyo hadi kwenye ukuta wa nyumba. Ukiweza kusema "maji yaliishia sentimita 40 chini ya sakafu", mnunuzi ana kitu cha kupigia hesabu.

Plasta iliyoharibika iondolewe yote hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Ukuta uachwe wazi kiangazi, Juni hadi Agosti, ndipo upigwe plasta mpya: ndoo moja ya sementi kwa nne za mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usitumie. Wala usipake rangi ya mafuta sehemu ya chini, kwa sababu inafungia unyevu ndani na baada ya miezi michache utaona malengelenge yaleyale.

Kisha fungua mfuniko wa shimo la choo. Hili wauzaji wengi wanalisahau, wanunuzi hawalisahau. Ziwa likipanda, maji ya ardhini hupanda nalo na shimo hujaa kutokea chini, hata kama familia haikuongezeka. Kama Septemba maji yako chini ya mfuniko kwa mita moja tu, Mei choo kinaweza kurudisha. Dawa ni kujenga tangi lililozibwa pande zote, na lori la majitaka liwe na njia ya kulifikia.

Limebaki jambo moja, na rangi hailigusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima kwa utepe, usipime kwa hatua. Ukiwa ndani ya mita hizo, mnunuzi wa mkopo umempoteza, kwa sababu mthamini wa benki ataliandika kwenye ripoti yake. Anabaki mwenye fedha taslimu, naye atataka bei ya mtu anayebeba hatari. Kwa maoni yetu, mpe bei hiyo mapema kabla ya Mei nyingine.

SWALI: Nataka kununua nyumba ya mteremkoni Gungu. Bei nzuri mno. Chumba cha nyuma kina ufa, muuzaji anasema ni plasta. Nyuma kuna korongo, umbali wa mita nane hivi kutoka ukutani. Ninunue?
Kijana mnunuzi, Gungu

JIBU: Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele, unatambaa ovyo, na ukigonga ukuta pale unasikia plasta imeachia. Ufa wa msingi hupanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, mara nyingi ukianzia kona ya dirisha. Sarafu ikiingia bila kulazimishwa, usikubali neno "plasta". Funga pia mlango wa chumba hicho: ukikwama juu upande mmoja, fremu imeshapinda.

Sababu ya kawaida mteremkoni ni kiwanja cha kuchongwa. Udongo unakatwa upande wa juu na kumwagwa upande wa bondeni, kisha nyumba moja inakalishwa juu ya ardhi mbili. Nusu iko kwenye ardhi ya asili, nusu kwenye kifusi, na kifusi hushuka kila kikilowa. Omba ruhusa uchimbe nusu mita kando ya msingi, kona ya bondeni. Ukikuta vipande vya tofali, nailoni na udongo wa rangi mchanganyiko, ndicho hicho.

Kama muuzaji anakubali kusubiri, bandika kipande cha kioo chembamba kukatiza ufa, kishikwe na sementi ncha zote mbili, uandike tarehe ukutani. Mvua za Novemba hadi Aprili zikipita na kioo kizima, ufa umelala na unazibika. Kikipasuka, nyumba bado inatembea.

Korongo ndilo linalotutisha zaidi. Angalia kingo zake. Zikiwa zimelala na kuota majani, limetulia. Zikiwa wima, nyekundu, mizizi inaning'inia na jirani ameshapanga viroba vya mchanga, mita nane za leo si za mwakani. Halafu angalia maji ya bati la nyumba yenyewe yanakwenda wapi: paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 6,000, na bila gata yote yanaliongezea korongo nguvu. Gata, tenki na mfereji wa zege unaweza kuvilipia. Ukuta wa mawe kwenye makapu ya waya ni gharama nyingine kabisa, na ukiishia kwenye mpaka wako maji yatazunguka kwa jirani na kurudi. Kwa kingo za wima, umbali huo, sisi tusingenunua hata kwa nusu bei.

SWALI: Nyumba ya urithi Ujiji, kaburi la babu liko uani. Kila mnunuzi akiliona anarudi nyuma. Tulisawazishe?
Wana familia, Ujiji

JIBU: Hapana. Majirani wanajua, na mnunuzi atakayeambiwa baada ya kulipa atawapeleka mahakamani. Mwiteni mpima aone kama sehemu ya kaburi inaweza kukatwa ibaki mikononi mwa familia, yenye njia yake ya kuingilia kutoka barabarani. Eneo lisipotosha, andikeni kwenye mkataba haki ya familia kuzuru na wajibu wa mnunuzi kutojenga juu yake. Kabla ya yote, awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tunahisi baadhi ya wanunuzi wenu hawakulikimbia kaburi, walikimbia ndugu sita kila mmoja na bei yake.

SWALI: Nyumba ya kando ya barabara kuu, Mwandiga, ina alama ya X ya kijani. Dalali anasema kijani ni salama.
Msomaji, Mwandiga

JIBU: Kijani si salama, kijani ni nyumba ya kuvunjwa kwa fidia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande, kutoka mita 22.5 za awali. X nyekundu huwekewa aliyejenga ndani ya eneo la zamani, naye huvunja bila kulipwa. X ya kijani ni aliyekutwa na nyongeza. Usichojua ni kama tathmini imeshafanyika na jina la nani limeandikwa. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, mkoani na namba ya kiwanja, mwenye nyumba akiwepo, kabla hujatoa hata malipo ya awali.