Uliza Ujibiwe: Mwanangu Kiziwi Kafika Namba Tano Tu, Ana Tatizo la Kumbukumbu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binti yangu ana miaka 11, ni kiziwi, na lugha ya alama anaijua toka mdogo kabisa maana baba yake naye kiziwi. Juzi alipelekwa kupimwa, wakawa wanamwonyesha namba kwa alama moja moja afu yeye azirudie kwa mpangilio uleule, akafika tano zikamshinda. Karatasi imeandikwa kumbukumbu iko chini ya kawaida. Sasa mbona huyuhuyu ndo anayetukumbusha nyumbani nani anatudai na funguo zimewekwa wapi? Niamini karatasi au macho yangu?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama pole na hiyo karatasi, ila kabla hujakosa usingizi uliza kitu kimoja, hiyo "kawaida" ni kawaida ya nani? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika makala iliyovuma sana kwamba kumbukumbu ya muda mfupi, ile ya kushika vitu kichwani kwa sekunde chache, inabeba vitu saba hivi, ongeza au punguza viwili, na toka hapo saba ikageuka kama sheria wakati vipimo vyenyewe kwa sehemu kubwa vilifanywa kwa watu wanaosikia. Mwaka 2004 Mrim Boutla, Ted Supalla, Elissa Newport na Daphne Bavelier wakawapima viziwi waliokulia kwenye lugha ya alama ya Marekani toka utotoni, na hao wakapata tano, ongeza au punguza moja. Yaani binti yako yuko palepale walipo watu wazima waliokulia kwenye alama kama yeye, wenye afya kabisa, wala hajashuka popote.

Na usidhani ni masikio ndo yamepunguza kumbukumbu. Watafiti haohao waliwapima pia watu wanaosikia vizuri lakini wamelelewa na wazazi viziwi, kwahiyo wana lugha zote mbili. Kwa Kiingereza wakafika juu, kwa alama wakashuka, mtu yuleyule kichwa kilekile! Hapo ndo unaona kipimo kinapima njia ambayo vitu vimeingilia, sio ukubwa wa ghala.

Kinacholeta tofauti ni ule mpangilio. Sauti zinakuja moja baada ya nyingine na sikio linashika vizuri sana nani katangulia nani kafuata, kwahiyo anayesikia ukimwambia arudie kwa mfululizo umemchezesha kwenye uwanja wake wa nyumbani. Utafiti wa Bavelier na wenzake wa 2008 ulipowaruhusu watu wataje vitu vyovyote wanavyokumbuka bila kujali kipi kilianza, pengo halikuonekana tena. Hata kwenye jaribio lingine la utafiti uleule wa 2004, la kupewa maneno na kutunga sentensi kwa kila neno huku unayakumbuka, viziwi na wanaosikia walikwenda sawa. Na kwenye maisha ya kawaida, ukiacha namba za simu, ni lini mtu anatakiwa kukumbuka vitu visivyohusiana kwa mstari ulionyooka? Deni la duka halikumbukwi hivyo.

Halafu kuna wanaodhani kiziwi hana kitu cha kujirudia kimoyomoyo kwa vile hana sauti kichwani, hiyo futa. Anajirudia kwa alama. Watafiti Margaret Wilson na Karen Emmorey walionyesha miaka ya 1990 kwamba ukimpa alama zinazofanana umbo anachanganya zaidi, na ukiishughulisha mikono yake na kitu kingine wakati anashika orodha anapoteza, kama vile anayesikia anavyopoteza ukimlazimisha aseme la la la. Mimi ninayoipenda ni ya zamani kidogo, ya Bellugi, Klima na Siple, 1975: kiziwi anaonyeshwa alama ya farasi, akija kuandika anaandika mjomba! Kwa Kiingereza maneno hayo hayafanani hata kidogo, ila kwa alama za Marekani yote mawili ni vidole viwili pembeni ya paji la uso. Makosa ya namna hiyo yanakuonyesha alichohifadhi kilikuwa ni alama.

Kwahiyo rudi kwa aliyempima umwombe mambo mengine. Kuna kipimo cha vibao vilivyotawanyika mezani, mpimaji anavigusa mtoto anarudia, na mwaka 1997 watoto viziwi wa miaka 8 hadi 10 waliokulia kwenye alama waliwapita wenzao wanaosikia kwenye hicho. Kwenye namba pia, kuzirudia kinyumenyume hakukuwashusha walivyoshuka wanaosikia. Aliyepima na namba za mbele tu kaacha nusu ya habari.

Mtoto wa kumhofia kweli ni yule aliyechelewa kupata lugha yoyote ile. Utafiti wa Chloe Marshall na wenzake Uingereza (2015) uliona viziwi walioanza alama toka kuzaliwa wako sawa na wanaosikia kwenye kumbukumbu isiyo ya maneno, ila waliozipata baadaye walikuwa chini. Wako ana baba wa kuongea naye toka siku ya kwanza, hapo mmeshamaliza kazi kubwa.

SWALI: Mimi nasikia ila wazazi wangu viziwi, naishi Mombasa. Je, haya ya kushika vitu vichache kwa alama yanamaanisha lugha ya ishara ni dhaifu?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kwanza wataalamu wenyewe bado wanavutana, Wilson na Emmorey walirudi 2006 wakasema kulinganisha herufi za alama na namba za kusikia, kama ule utafiti wa 2004 ulivyofanya, sio haki, wakatumia herufi pande zote na kuhakikisha kasi ya kuzitoa inalingana, pengo likayeyuka, na kina Bavelier nao wakawajibu. Pili, pengo kama hilo lipo hata kati ya lugha za mdomo. Kule Wales, Ellis na Hennelly (1980) waliona watu wanaojua lugha mbili wanashika namba chache kwa Kiwelsh kuliko kwa Kiingereza, sababu tu namba za Kiwelsh zinachukua muda mrefu kidogo kutamka. Sasa jaribu mwenyewe moja mbili tatu nne, zote zina silabi mbili na kuendelea, wakati Kiingereza karibu zote ni silabi moja. Kwahiyo hata mtoto wetu anayesikia, ukimpima kwa Kiswahili afu ukasoma majibu kwenye jedwali la watoto wa Kiingereza, unaweza kumwandikia karatasi kama ile ya Morogoro.