Mchanga kwanza, kambare baadaye

Koridorasi wangu wa kwanza, kambare wadogo wa kufugwa tangini, walikuwa wanne, hawazidi kidole gumba, na niliwaumiza mwenyewe kwa mchanga. Niliuchota ufuoni, mweupe, nikausuuza mara tatu nikaona umetakata. Wiki chache baadaye nikaona ndevu za mmoja zimelika hadi nusu, nyekundu nchani. Punje zile zilikuwa vipande vya matumbawe na makombe: zinakata, tena zina chokaa inayofanya maji yawe magumu.

Kwao ni Amerika Kusini, kwenye vijito na kingo za mito kama Amazon na Orinoco, penye mchanga laini na majani yaliyooza. Washa tochi usiku umtazame anavyokula. Anazamisha uso mzima, anavuta mchanga kinywani, anabakiza chakula, na mchanga unamtoka kwenye mashavu pande zote mbili kama moshi. Sasa fikiria mchanga wa makombe ukipita humo siku nzima.

Kwa hiyo pima kabla hujautia. Kamulia ndimu kwenye kijiko cha mchanga mkavu. Ukitoa povu, una chokaa, uache. Mimi sasa natumia mchanga wa mto, nauchekecha na kuuosha hadi maji yatoke meupe.

Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya Malindi vina munyu, na samaki huyu havumilii chumvi. Nachanganya ya mvua na ya mfereji yaliyolala ndooni wazi siku nzima ili klorini itoke.

Ukimwona anapanda juu ghafla, anagugumia hewa na kurudi chini, usishtuke. Hewa ile huimeza na kuivuta kwa utumbo, ndiyo humwokoa maji yakipungukiwa oksijeni. Usijaze tangi mpaka kwenye kifuniko. Lakini wakipanda kila mara, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo, hasa joto la Februari na Machi.

Hana magamba, ubavuni ana safu mbili za vibamba vya mfupa vilivyolaliana kama makuti ya paa. Miba ya mapezi yake hukakamaa akiogopa, kama ya hongwe wetu wa baharini, na hunasa kwenye wavu. Mtoe kwa kikombe, taratibu.

Nunua sita au zaidi, maana akiwa peke yake hujificha tu. Katika wale wanne wangu wawili walipona, na nilipobadilisha mchanga ndevu zao zikaota tena.