Kabla hajaacha somo: kwa mnaoanza kazi ofisi za maveterani vyuoni

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za maveterani vyuoni hapa Marekani, wengi wenu mkiwa mmevua gwanda juzi tu na sasa VA, idara ya serikali inayoshughulikia maveterani, inawalipa kwa saa zenu za mezani: karibuni sana, tunawahitaji. Lakini kila muhula ukifika wiki ya kumi, mazungumzo ni yale yale. Mwanafunzi anasimama dirishani na kusema, "Nataka kuacha masomo mawili." Kijana wetu anamjibu, "Hamna shida, jaza hapa." Shida ipo. Ina tarakimu nne, na inaweza kumfuata mtu mpaka kwenye marejesho yake ya kodi. Basi tukae chini tuyapitie haya kwa utaratibu, na la kuacha masomo tutalifikia polepole kwa sababu ndilo linaloumiza.

1. Soma karatasi kabla hujafungua mdomo. Kwenye DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi, taka nakala ya Member 4, kwa sababu Member 1 haionyeshi aina ya kuachishwa wala sababu yake. Kisha soma barua ya VA inayosema mtu ana asilimia ngapi ya malipo na miezi mingapi ya kulipiwa masomo imebaki kati ya ile 36. Asilimia 100 ya Chapter 33, ile GI Bill inayolipa ada, posho ya nyumba na vitabu, hutokana na miezi 36 ya utumishi wa moja kwa moja. Aliyetumikia pungufu hulipiwa kwa ngazi, kuanzia 50. Anayepewa 100 bila kufikisha miezi hiyo ni mwenye Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, au aliyetumikia siku 30 mfululizo akaachishwa kwa ulemavu uliotokana na kazi. Wanaoumia hapa ni wa National Guard, jeshi la akiba la majimbo. Mtu ana miaka sita ya kuvaa buti, anakuja akiamini ana 100, kumbe mazoezi ya wikendi moja kwa mwezi hayahesabiwi. Zinazohesabiwa ni zile amri za kuitwa kazini kikamilifu. Mweleze siku ya kwanza, kwa upole, kabla hajasaini mkataba wa nyumba.

2. Rekodi ya mafunzo ya jeshi, JST, anaiagiza mwenyewe kwenye akaunti yake na hailipiwi. Wa Air Force wana yao, ya CCAF, chuo cha jeshi la anga. Chuo kinatakiwa kutathmini masomo yote ya nyuma, na hapo ndipo ndugu zetu wa Afrika Mashariki husahau kitu: yule aliyesoma diploma Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kabla ya kuhamia huku naye anatakiwa kuileta. Inapitia wakala wa kutathmini vyeti vya nje, chuo cha nyumbani kinatakiwa kutuma nakala chenyewe, na mnajua nakala ya namna hiyo huchukua muda gani. Aanze mapema, tena awe na mtu wa kumfuatilia pale pale masjala. Jambo lingine ni kwamba krediti (vipimo vya uzito wa somo) nyingi za jeshi si neema tupu. Zikipokelewa kama masomo ya hiari, zinajaza nafasi za hiari kwenye shahada. Mwaka wa tatu anataka somo la hiari la kumfikisha krediti 12, yaani muhula kamili, na nafasi imeshajaa, kwa hiyo hatuwezi kulithibitisha kwa VA lilipiwe.

3. Hilo linatuleta kwenye kanuni inayosahaulika kuliko zote: VA hulipia somo linalohitajika kwenye shahada yake, basi. Fungua orodha ya masomo ya shahada, weka kidole kwenye kila somo aliloandikisha, uone linaingia wapi. Somo aliloshafaulu halirudiwi kwa pesa ya VA, isipokuwa programu yenyewe inataka alama ya juu zaidi. Muhula wa mwisho ndio pekee wenye nafuu, maana anaweza kuongeza somo lisilohitajika ili atimize muhula kamili.

4. Sasa lile lenyewe.

Kosa hili ni la ofisi. Wanafunzi wamelibeba miaka mingi wakati sisi ndio tuliokuwa tumekaa upande wa dirisha wenye taarifa, na halikutokana na uvivu. Lilitokana na wema. Mbele yako kuna mtu aliyechoka, halali usiku, hesabu imemshinda, na ana mtoto mgonjwa nyumbani. Unataka kumtua mzigo, na karatasi ya kuacha somo iko hapo hapo. Ratiba ya chuo nayo inakuunga mkono, kwa sababu imeandika kabisa: siku ya mwisho ya kuacha somo bila adhabu. Mwanafunzi amesoma "bila adhabu", nawe umesoma "bila adhabu". Lakini adhabu inayozungumziwa pale ni ya wastani wa alama tu. Herufi W, inayoandikwa kwa somo lililoachwa, haiingii kwenye wastani, na kwa sababu hiyo hiyo VA inaiona kama somo ambalo halikusomwa. Pesa iliyolipwa kwa somo ambalo halikusomwa inadaiwa irudi.

Chukueni kalamu. Tuseme mwanafunzi ana asilimia 100, krediti 12, muhula umeanza tarehe 25 Agosti, posho ya nyumba ni dola 2,000 kwa mwezi, na ada ni dola 350 kwa krediti. Tarehe 3 Novemba anaacha masomo mawili, krediti sita. Amebaki na sita kati ya 12, nusu kamili. Posho ya nyumba hulipwa kwa anayesoma zaidi ya nusu, kwa hiyo posho haipungui, inakatika yote. Kama hana sababu inayokubalika, inakatika kuanzia tarehe 25 Agosti. VA huhesabu mwezi kwa siku 30: Agosti siku sita ni dola 400, Septemba 2,000, Oktoba 2,000. Jumla 4,400. Vitabu vililipiwa dola 41.67 kwa krediti, kwa hiyo krediti sita ni 250. Ada ya krediti sita ni 2,100. Tangu sheria ya Januari 2021, deni la ada la Chapter 33 VA hulidai chuo, kisha ofisi ya fedha ya chuo inamgeukia mwanafunzi. Ukijumlisha unapata dola 6,750, na yeye alikuja kutuliwa mzigo.

Angeacha somo moja tu, angebaki na krediti tisa. Tisa kwa 12 ni asilimia 75, VA inaisogeza mpaka 80, na posho inapungua kwa sehemu ya tano. Deni lake: 880 za posho, 125 za vitabu, 1,050 za ada, yaani 2,055. Tofauti ya somo moja imeleta tofauti ya karibu dola 4,700. Ndiyo maana hatutaki kusikia "hamna shida" hapo dirishani.

Kwa hiyo mtu akisema anataka kuacha somo, fomu ibaki kwenye droo kwanza. Uliza kama amewahi kuacha somo akiwa analipiwa na VA. Mara ya kwanza kuna msamaha wa hadi krediti sita: VA haitaki sababu, na analipwa mpaka siku aliyoacha badala ya kurudishwa siku ya kwanza. Msamaha huo ni mmoja kwa maisha yake yote ya GI Bill. Aliyeutumia kwa somo la krediti moja ameshautumia, zile tano zilizobaki hazimngojei. Kabla ya kuuchoma, tafuteni njia nyingine. Je, mwalimu atakubali ampe I, amalizie baadaye? Je, mkufunzi wa ziada ataokoa wiki tano zilizobaki? Hata F ya mtu aliyehudhuria mpaka siku ya mwisho haileti deni, kwa kuwa inaingia kwenye wastani, na kama somo ni la lazima anaweza kulirudia kwa pesa ya VA. Hatusemi watu wafeli. Tunasema aione F na W zikiwa mezani pamoja na bei zake, achague mwenyewe. F ya aliyetoweka wiki ya sita ni habari nyingine, hiyo tunaripoti siku ya mwisho aliyohudhuria.

Kama msamaha ulishatumika, sababu ndiyo inayomwokoa. Zinazokubalika ni ugonjwa wake, ugonjwa au kifo cha mtu wa familia ya karibu, kazi kumhamisha bila hiari yake, malezi ya mtoto kuvurugika ghafla, kuitwa tena jeshini. Zisizokubalika ni kukwepa kufeli, kutompenda mwalimu, na kubeba masomo mengi kupita uwezo. Kama mtoto wake amelazwa, barua ya hospitali ichukuliwe siku hiyo hiyo, yenye tarehe. Baada ya miezi mitatu hospitali imeshamsahau, naye hana nguvu za kufuatilia.

Sisi tuna siku 30 za kuripoti badiliko. Barua ya deni huja baadaye kutoka kituo cha madeni cha VA kule St. Paul, Minnesota, na mara nyingi huenda kwenye anwani ya zamani. Akiipata, ajibu ndani ya siku 30: apinge, aombe kusamehewa, au aombe kulipa kidogo kidogo. Akinyamaza, VA inakata malipo yake yajayo, na deni linaweza kupelekwa hazina.

5. Thibitisha masomo ya mwanafunzi kwa VA mapema, kwa ada ya sifuri. Kabla ya muhula, ingiza krediti na tarehe kwenye Enrollment Manager, mfumo wa VA wa kuthibitishia masomo, ada weka 0, ili posho na vitabu viende. Muda wa kuongeza na kupunguza masomo ukiisha, ndipo unaingiza ada halisi. Ukiwahi kuweka ada, kila anayebadilisha ratiba wiki ya kwanza anazalisha deni la karatasi.

6. Ofisi ya fedha ikimfungia mwanafunzi akaunti kwa sababu VA haijalipa, sheria ya 2018 inamlinda kwa siku 90, awe wa Chapter 31 (mpango wa VA wa kuwaandaa kwa ajira wenye ulemavu wa kazi) au 33. Hakuna faini, na hafukuzwi darasani. Wapigie wewe, usimtume yeye.

7. Kila mwisho wa mwezi, mwanafunzi wa Chapter 33 anathibitisha kwamba bado anasoma, wengi kwa ujumbe wa simu. Miezi miwili mfululizo bila kujibu, posho inasimama. Akibadilisha laini, hilo liwe la kwanza kurekebishwa.

8. Maveterani hawaombi msaada, nanyi mnajua kwa nini, maana mlifundishwa hivyo hivyo. Sajenti aliyewahi kuongoza kikosi atafika dakika 15 kabla ya miadi, atasimama wima karibu na mlango, na ukimuuliza "Uko sawa?" atajibu yuko sawa. Muulize jambo lenye jibu: umelipa pango la mwezi huu? Umelala saa ngapi jana? Mwenye kiwango cha ulemavu kutoka VA asidhani chuo kinajua. Muda wa ziada wa mtihani au chumba tulivu huombwa ofisi ya ulemavu ya chuo, kila muhula. Na mwenye ulemavu wa kazi aulizwe kama ameifikiria Chapter 31 kabla ya kuimaliza 33. Ukisikia maneno ya kukata tamaa, usimwachie kipeperushi. Piga naye 988, simu ya msaada wa dharura, bonyeza 1 ya maveterani, ukiwa umekaa pale pale.

9. Desemba. Posho hulipwa mwezi ukishaisha, na likizo kati ya mihula hailipwi. Kwa mfano wetu wa dola 2,000, muhula ukiisha tarehe 12 Desemba na mwingine ukianza 20 Januari, mwanzo wa Januari atapata dola 800, mwanzo wa Februari kama 733, na posho kamili itarudi Machi. Hiyo ndiyo miezi ambayo simu kutoka nyumbani huwa nyingi: shule zinafunguliwa Januari, mtoto wa dada anatakiwa sare na ada, na huyu ndiye wa Marekani. Mketishe mwezi wa Oktoba, mwandikie tarehe na kiasi kwenye karatasi moja, aibandike jikoni. Mwambie pia ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Veterani huhesabiwa kujitegemea, mapato ya wazazi hayaulizwi, na ruzuku ya Pell akiipata inakaa juu ya GI Bill bila kuipunguza. Kwa aliyeijaza mapema, pesa ya Pell ya muhula mpya ndiyo inayoweza kumshika mkono kabla ya Machi.