Mtoto aliyesema "marahaba" Kirumba

Swali lenu la wiki linauliza: mtoto wa Mtanzania anayekulia Ulaya na mzazi mmoja mgeni, afuate utamaduni wa nani? Uraia sheria yetu itamtaka achague akifika miaka 18, hilo tuliache. Swali zito ni analelewaje, maana wazazi wengi wameshaamua awe wa huku na huku, na bado anatua Mwanza hajui kuamkia. Nasema wazi: simu hailei mtoto.

Chukueni mtoto mmoja wa miaka 8, baba Mjerumani, mama mtu wa Magu. Likizo alipelekwa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kununua dagaa. Muuzaji alikuwa mama wa mvi. Mama mtu akamgusa bega: "Mwamkie bibi." Mtoto akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Waliokuwa wakipimiwa wakageuka wote. Mama akaona aibu, akaanza kumgombeza kwa Kijerumani.

Kosa si la mtoto. Kila Jumapili akiongea na bibi yake, sikioni mwake huingia neno hilohilo: "Marahaba, hujambo mjukuu wangu?" Mtoto wa Igoma, hapohapo Mwanza, husikia watu wakiamkiana tangu amebebwa mgongoni, wala hafundishwi. Huyu ana sauti moja tu ya kuiga, nayo ni ya anayeitikia.

Muuzaji akaweka sado chini, akamwambia mama, "Niamkie wewe kwanza, asikie." Mama akapiga goti: "Shikamoo mama." "Marahaba." Mtoto akatazama, akapiga goti naye: "Shikamoo bibi." "Marahaba. Unaitwa nani?" "Shija." "Enhe! Kulwa na Doto wako wapi?" "Wamebaki na baba!" Hakunong'onezwa na mtu. Sado ikajazwa, na nyongeza juu yake mpaka dagaa wakaporomoka. Akaambiwa hawa ni wa chanja, hawakuanikwa mchangani, ila nyumbani watoeni vichwa wasije wakawa wachungu.

Hilo la jina linanipunguzia ukali. Kwamba Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha, aliambiwa na bibi yake, kwa simu hiyohiyo ninayoilaumu. Basi inafundisha, ila ipangwe. Simu ikae mezani, spika wazi, mama aamkie kwanza mtoto akisikia, kisha mtoto. Dakika 10 kila jioni zinashinda saa nzima ya Jumapili, maana baada ya salamu mtoto huchoka akakimbia. Mwanza iko mbele ya Ujerumani kwa saa 1 majira yao ya joto na saa 2 ya baridi, kwa hiyo mkisubiri hadi mle chakula cha usiku, bibi ameshalala. Mtoto akijibu Kijerumani, mama asihamie huko. Alirudie jibu lake kwa Kiswahili, maongezi yaendelee. Wengi hushindwa hapo, wametoka kazini wamechoka.

Na majina ya ndugu yasimezwe na "Tante" moja, neno la Kijerumani kwa dada yeyote wa mzazi. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Dada wa baba, hata kama ni Mjerumani wa Hamburg, ni shangazi, aitwe hivyo.

Baba asiyejua Kiswahili atafsiriwe mwishoni, si kila sentensi. Na bibi akiteleza kwenye Kisukuma, msimkatize. Mtoto aitikie "mwadila", salamu yao ya jioni, hata kama mengine hajayaelewa.