Fundi wa kumkabidhi BMW E90 yenye umri

Sedani ya BMW E90 ilitengenezwa kuanzia 2005 hadi 2011. Kwa hiyo kila unayoiona leo Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, hata iwe inang'aa na viti vyake vya ngozi havijachanika, ina raba zilizokakamaa kwa joto la injini na plastiki zinazokatika ukizishika vibaya. Magonjwa yake yanajulikana na yanatibika. Kinachoyamaliza magari haya ni kukisia: gari linaingia gereji na ugonjwa mmoja, linatoka limebadilishwa spea nne, na ugonjwa uko palepale.

Anza kwa kuijua injini yako. E90 za modeli ya 320i zilizokuja kutoka Japani nyingi zina injini ya N46, silinda 4, lita 2.0. 323i na 325i kwa kawaida zina N52 ya silinda 6. Hizi ni injini mbili zenye tabia tofauti kabisa, na fundi anayekutajia bei kwenye simu bila kuuliza una ipi, bado hajaanza kazi.

Ukitaka kumpima fundi haraka, mpe mfano huu: 320i imekaa kwenye foleni dakika tano inanguruma taratibu, ukiondoka inatoa wingu la moshi wa bluu, halafu moshi unakata. Akijibu papo hapo "ringi za pistoni zimekwisha, tutafute injini ya mtumba", mshukuru uende zako. Kwenye N46, moshi wa namna hiyo mara nyingi hutokana na sili za vali. Raba zake hukauka kwa sababu injini hii imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto kali, oili inachuruzika kwenye shina la vali gari likiwa limesimama, kisha inaungua kwa mkupuo unapokanyaga mafuta. Ringi zikiisha, moshi hauchagui: unatoka hata ukipanda mlima kwa mwendo, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inashuka.

Fundi mzuri atakwambia kwanza anaangalia mfumo wa kupumulia injini, maana kiwambo chake kikipasuka nacho hufanya gari linywe oili, na ni spea ya bei ndogo. Kisha atapima kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Ikibaki shaka, ataingiza upepo wa kompresa kwenye silinda vali zikiwa zimefungwa na kusikiliza unatokea wapi. Ukisikika kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Ukisikika kwenye ekzosi, vali ya kutolea haifungi vizuri. Usiposikika popote na moshi upo, sili ndizo za kushukiwa. Sili hizo ni 16, na zinabadilishika bila kufungua hedi: silinda hujazwa upepo ili vali zisidondoke ndani, kisha springi zinafunguliwa kwa kifaa maalumu. Ni kazi ndefu ya mikono, lakini hailingani hata kidogo na gharama ya injini nzima, ambayo nayo ikiwa ni N46 ya umri uleule itakuja na sili zilizokauka vilevile.

Mashine ya kusomea hitilafu siku hizi kila gereji inayo, kwa hiyo kuwa nayo si sifa. Mashine inasema silinda ya tatu inamisi, yaani haiunguzi mafuta vizuri. Haisemi kwa nini. Fundi anayepima atahamisha koili, inayoipa plagi umeme wa cheche, kutoka silinda ya tatu kwenda ya kwanza, atafuta hitilafu, atazungusha gari kidogo, kisha atasoma tena. Misi ikihamia silinda ya kwanza, koili imekufa. Ikibaki ya tatu, anahamisha plagi, halafu anaingia kwenye injekta na kompresheni. Mpaka hapo hujatoa hela ya spea hata moja. Anayekisia atakuuzia koili zote na plagi zote, na pengine gari litapona, ila hamtajua limeponywa na nini.

Angalia pia kama ana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kama anaitumia. Bloku ya N52 imetengenezwa kwa magnesiamu, hivyo bolti nyingi zinazoingia humo ni za aluminiamu. Hukazwa kwa kipimo, na zikifunguliwa hazirudishwi, zinawekwa mpya. Fundi anayezirudisha za zamani, au anayeokota bolti ya chuma kwenye kopo kwa sababu "inaingia", anakutengenezea kutu na uzi uliolika. Muulize tu: bolti za pampu ya maji utaagiza mpya? Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kuifanya hiyo kazi.

Usimpe mtu mpya kazi ya injini siku ya kwanza. Mpe kumwaga oili, kisha simama umtazame. N46 inachukua takriban lita 4.25, N52 inachukua lita 6.5. Mazoea ya kumimina galoni ya lita 5 kwenye kila gari yanaizidishia N46 na kuipunja N52 lita moja na nusu, na N52 ya E90 haina kijiti cha kupimia. Kiwango kinasomwa kwenye dashibodi injini ikiwa imepata moto. Filta ni ya karatasi, inakaa ndani ya kopo lenye mfuniko wa plastiki. Mfuniko una raba ya duara ambayo lazima ibadilishwe, na umeandikwa kipimo cha kukazia, Nm 25. Akiukaza kwa nguvu za mkono mpaka unalia, utapasuka. Piga alama ndogo ya kalamu kwenye filta ya zamani kabla hujaenda, uone kama kweli imetoka.

Oili yenyewe iwe sinthetiki, 5W-30 au 5W-40, na kopo liandikwe BMW Longlife-01, kiwango cha oili cha BMW wenyewe. Neno "sinthetiki" peke yake halitoshi. Wapo wanaoshauri 20W-50 kwa hoja kwamba injini imezeeka na inavuja. Oili nzito hivyo inachelewa kufika juu asubuhi, na VANOS, ambao ni mfumo wa kugeuza kamshafti kwa shinikizo la oili, unaanza kusumbua. Ratiba ya kiwanda ya kukaa na oili zaidi ya kilomita 20,000 haifai kwenye foleni zetu. Badilisha kila kilomita 8,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia.

Kuhusu spea, jambo la kwanza ni namba. Kila spea ya BMW ina namba ya tarakimu 11, na mbili za mwanzo zinaonyesha kundi: 11 ni injini, 17 ni mfumo wa kupoza, 24 gia boksi ya otomatiki, 31 ekseli ya mbele, 34 breki. Kwa herufi na tarakimu 7 za mwisho za chesisi namba, katalogi za mtandaoni zinakupa namba kamili ya gari lako hasa. Nenda nayo kwenye maduka ya spea, Kariakoo au Gerezani kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi, ukiwa umeiandika, usiende na maelezo ya "ya 320 ya 2008". Huhitaji kununua boksi lenye nembo ya BMW kila mara. Lemförder kwa amu na bushi, Mann au Mahle kwa filta, Elring au Victor Reinz kwa gasketi, Pierburg kwa pampu ya umeme: hawa ni watengenezaji wanaoaminika, na bei yao huwa chini. Bandia zipo, hasa filta na plagi, kwa hiyo duka ni muhimu kama jina lililo kwenye boksi.

Na cha juu? Fundi akinunua spea ataweka chake, hilo lijulikane. Kuna anayefanya hivyo kwa haki, kwa kuwa akinunua yeye, spea ikiharibika baada ya wiki ni juu yake. Kilicho salama ni makubaliano yaliyoandikwa: ufundi bei yake, spea bei yake na namba zake, na spea za zamani unarudishiwa mkononi. Lipia upimaji kama kazi kamili. Fundi asiyelipwa kwa kupima atatafuta malipo yake kwenye spea usizozihitaji.

Sasa mfumo wa kupoza, ambako E90 nyingi hufia. Mitaani kuna imani mbili mbaya. Ya kwanza, kwamba kulanti ni ya nchi za baridi, huku kwetu maji ya bomba yanatosha. Kulanti inazuia kutu ndani ya hedi ya aluminiamu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya pwani yenye chumvi yanafanya kinyume chake. Changanya kulanti iliyoidhinishwa na BMW na maji yaliyochujwa ya kuwekea betri, nusu kwa nusu. Imani ya pili ni kung'oa termostati, vali inayodhibiti maji kwenda kwenye rejeta, "ili injini ipoe". Injini hizi zimepangwa kufanya kazi kati ya nyuzi 95 na 110 hivi. Bila termostati, kompyuta inadhani injini bado baridi, inaongeza mafuta, oili inachafuka, na kama rejeta imeziba bado gari litachemsha.

E90 ya kawaida haina geji ya joto la maji. Ina alama tu kwenye dashibodi: ikiwaka ya njano, punguza mwendo; ikiwaka nyekundu, simama na uzime hapo hapo, hata kama uko katikati ya daraja. Kilomita mbili za kujikongoja zinatosha kupinda hedi. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, na programu ya simu vitakuonyesha joto muda wote, na bei yake haifiki hata ya kubadilisha gasketi.

Pampu ya maji ya N52 ni ya umeme, na ikifa haitoi dalili ya kuvuja wala kelele. Ikishapita kilomita 100,000 na hujui historia yake, ibadilishe pamoja na termostati. Kisha toa hewa kwa utaratibu wake: chaja kwenye betri, swichi iwashwe bila kuwasha injini, hita iwekwe joto la juu kabisa na feni mwendo wa chini kabisa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini kwa sekunde 10. Pampu itazunguka yenyewe takriban dakika 12. Fundi asiyejua hili ataacha hewa ndani, gari litachemsha njiani, na pampu mpya ndiyo itakayolaumiwa.

Mivujo ya oili kwenye N52 isichukuliwe kama uchafu tu. Gasketi ya kikao cha filta ya oili ikivuja, oili inadondokea fani belti. Belti inateleza, inachanika, na vipande vyake vinaweza kuvutwa kupita sili ya mbele ya krenki mpaka ndani ya injini. Gasketi yenyewe ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na madhara hayo.

Chini ya gari, bushi za amu za mbele ndizo huanza. Dalili ni usukani kutetemeka ukikanyaga breki kwa mwendo. Bolti za bushi hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limekalia matairi yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba inakaa imejisokota na itachanika mapema. Kisha alaimenti.

Gia boksi ya otomatiki haina oili ya maisha, hata kama kiwanda kilisema hivyo. ZF wenyewe, waliotengeneza nyingi za hizi, wanashauri kuibadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo itachajiwa kama ile ya zamani. Na kumbuka E90 ilitoka kiwandani bila tairi la akiba, kwa sababu ilivaa matairi yanayotembea bila upepo. Ukiyavua na kuweka ya kawaida, nunua gurudumu moja zaidi la akiba, jeki na spana ya magurudumu kabla hujatoka mjini.