Taa Kali Zaangushwa Katika Ukaguzi: Fundi Anajibu Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Fundi, salamu. Ninaishi Leicester na ninaendesha Toyota Yaris ya mwaka 2009. Kwa kuwa hutoka kazini usiku wa manane na taa zangu zilikuwa hafifu, niliagiza balbu za LED mtandaoni nikazifunga mwenyewe, na barabara ikang'aa kama mchana. Mwezi uliopita gari likaangushwa katika ukaguzi wa MOT, ule wa kila mwaka wa usalama wa magari hapa Uingereza. Karatasi inataja balbu hizo hizo, ingawa mkaguzi mwenyewe alikiri kwamba zinawaka. Je, nimeonewa?
— Msomaji, Leicester

JIBU: Hukuonewa, ndugu yangu, ingawa uchungu wako naufahamu, kwa maana si jambo rahisi kuambiwa kwamba gari lenye mwanga mwingi kuliko mwanzo limekosa sifa. Mwongozo wa ukaguzi wa Uingereza unaeleza kwamba taa kubwa ya mbele iliyoundwa kwa balbu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye uzi, isigeuzwe ikatumia LED au zenoni, na mkaguzi akikuta imegeuzwa hana hiari, ni lazima aiangushe. Waliosamehewa ni pikipiki, pamoja na magari yaliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Aprili 1986. Yaris yako haimo.

Ukitaka kujua sababu, itafute ile balbu ya zamani uliyoitoa, ambayo bila shaka ni ya aina iitwayo H4, uishike dhidi ya mwanga wa dirisha. Ndani yake utaona nyuzi mbili nyembamba zilizosokotwa, na chini ya uzi mmoja kuna kikombe kidogo cha chuma, mfano wa kijiko kilichokatwa mpini. Uzi huo wenye kikombe ndio wa dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishana na wenzako. Kazi ya kikombe ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli la taa, lile ling'aalo nyuma ya balbu, ili ugonge nusu ya juu peke yake, na bakuli liurudishe chini barabarani. Ukiwasha fulu, yaani mwanga wa mbali, uzi wa pili ndio unaowaka, na huo hauna kizuizi, kwa hiyo bakuli lote hufanya kazi. Aliyelichora bakuli hilo alipiga hesabu zake akijua uzi utakaa wapi, kwa kipimo cha milimita. Balbu ya LED haina uzi. Ina vipande vya kutoa mwanga vilivyobandikwa kwenye pande mbili za kibao, na mwanga wake hutokea mahali ambapo bakuli halikuutarajia. Sehemu yake huangukia karibu na boneti, ambako unakufurahisha na kukudanganya, maana mboni ya jicho husinyaa mbele ya mng'ao wa karibu na kuona mbali kunapungua. Sehemu nyingine huruka juu, na huyo mwenye gari linalokuja mbele yako ndiye anayeipokea machoni.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapoukosea ukaguzi huu. Wanadhani mkaguzi anapima wingi wa mwanga, kumbe swali lake kubwa ni wapi mwanga unaangukia. Kile kisanduku chenye lenzi anachokisukuma kutoka taa moja hadi nyingine kina ubao ndani yake wenye mistari, na juu ya ubao huo taa ya dimu inapaswa kuchora mpaka ulio wazi kati ya mwanga na giza. Ikiwa kitovu cha taa kiko milimita 850 au chini ya hapo kutoka ardhini, mpaka huo unatakiwa kushuka kwa asilimia 0.5 hadi 2 ya umbali kutoka kwenye taa; kikiwa juu zaidi, kama ilivyo kwa magari yaliyoinuka juu, ni asilimia 1.25 hadi 2.75. Kwa lugha ya nyumbani, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali palipo tambarare, upige alama ya chaki kwenye ukuta kwa kimo kile kile cha kitovu cha taa. Kwa gari kama lako, mpaka wa mwanga uwe chini ya alama kwa sentimita 2.5 hadi 10. Kabla ya kupima, jaza upepo matairi, toa mizigo kwenye buti, na ile swichi ya kuinua na kushusha taa iliyoko karibu na usukani uiweke kwenye sifuri. Balbu zako za LED hazitaweza hata kuuchora mpaka huo vizuri. Utaona wingu la mwanga lisilo na ukingo.

Sasa turudi kwenye shida iliyokupeleka huko, yaani taa hafifu. Katika gari la umri huo, mara nyingi mwenye kosa ni kioo cha taa, ambacho kwa kweli ni plastiki iliyounguzwa na jua mpaka ikawa ya manjano na yenye ukungu. Isugue kwa msasa wa maji, ukianzia namba 800 na kumalizia namba 2000, kisha uipake vanishi isiyo na rangi yenye kinga dhidi ya miale ya jua. Dawa ya meno wanayoisifia watu husafisha kwa wiki chache tu, kwa sababu haiachi kinga yoyote. Kioo kikishang'aa, rudisha halojeni ya wati 60/55 iliyo nzuri, umwombe fundi umeme apime volti kwenye soketi ya balbu wakati taa inawaka, kwani waya uliochakaa hula mwanga kimyakimya.

Kuhusu gharama, kwa sehemu kubwa ya makosa ya taa, gari hukaguliwa tena bure ukilirejesha mahali pale pale kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha, ila ulekeo wa taa kubwa haumo katika msamaha huo. Wewe umeshapitisha hata zile siku 10 za kazi za marudio, kwa hiyo utalipia ukaguzi mzima upya.

SWALI: Kila nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma kushoto nayo hutoa mwanga hafifu. Balbu nimebadilisha mara mbili. Nitapita?
— Msomaji, Birmingham

JIBU: Acha kununua balbu. Waya wa hasi wa taa hiyo haushiki vizuri kwenye bodi, na umeme wa breki, ukikosa njia ya kurudi betri, unapenya kwenye balbu ya jirani kutafuta njia nyingine. Fungua taa nzima, ufuate waya mpaka kwenye skrubu yake, usugue kutu mpaka chuma kionekane, ukaze tena. Usiende kukaguliwa kabla ya hapo, kwa kuwa indiketa inatakiwa kumweka kwa rangi ya chungwa, mara 60 hadi 120 kwa dakika, na anayekufuata hawezi kusoma ishara iliyochanganyika na breki.

SWALI: Mimi ni mtu wa Bukavu niliyehamia Manchester kutoka Brussels, na nimekuja na gari langu lenye usukani wa kushoto. Rafiki amenishauri nibandike stika kwenye taa za mbele na yatakuwa yamekwisha. Ni kweli?
— Msomaji, Manchester

JIBU: Ni kweli nusu. Taa za Ubelgiji hupandisha mwanga upande wa kulia ili zimulike ukingo wa barabara na vibao, na hapa Uingereza, tunakopita kushoto, upande huo wa kulia ndiko yaliko macho ya wanaokuja. Stika zinakubalika katika ukaguzi iwapo zimeshika imara, hazipunguzi mwanga kupita kiasi na haziharibu ulekeo wa taa. Lakini kabla ya kununua, soma kitabu cha gari lako, kwa sababu taa nyingine zina kijiti kidogo kwa nyuma, au mpangilio kwenye kompyuta ya gari, wa kugeuza upande wa mwanga bila kubandika kitu.

Ambalo rafiki yako hakulitaja ni taa nyekundu ya ukungu ya nyuma. Gari lililoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1980 ni lazima liwe nayo, na ikiwa ni moja, ikae katikati au upande wa kulia. Magari ya Ulaya bara, kama lako la Ubelgiji, mara nyingi huwa nayo kushoto. Iwashe leo jioni, uzunguke nyuma ya gari uangalie: ikiwa inayowaka ni ya kushoto peke yake, gari litaangushwa hata kama stika zako zimebandikwa kwa ustadi gani. Fungua taa ya kulia uone kama ina nafasi ya balbu iliyoachwa tupu. Ikiwa ipo, soketi na waya vitatosha. Isipokuwepo, nunua taa za nyuma za gari la aina hiyo hiyo la Uingereza, au ufunge taa ya pekee chini ya bampa upande wa kulia, yenye alama ya E ndani ya duara inayoonyesha kwamba imeidhinishwa, pamoja na kitaa chake kwenye dashibodi cha kuonyesha kwamba inawaka. Iwe kati ya milimita 250 na 1,000 kutoka ardhini, na isikaribie taa ya breki kwa chini ya sentimita 10, kwa maana zote mbili ni nyekundu na kali, na ndani ya ukungu anayekufuata hatajua ni ipi imewaka.