Springi imekatika katikati

SWALI: Kaka fundi, Fuso yangu ya zamani nabebea mchanga huku Tororo inalala kushoto, springi kuu imekatika pale kwenye tundu la senta bolti (ile inayofunga majani, yaani vyuma bapa vya springi, pamoja katikati), fundi wangu anasema tubadilishe jani moja tu au tuchomelee, sawa?

JIBU: Kuchomelea hapana kabisa ndugu yangu, moto unaua ugumu wa springi! Kukatika pale katikati mara nyingi ni U-bolti (zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zililegea, majani yakawa yanachezacheza. Na jani moja jipya katikati ya yaliyochoka gari litaendelea kulala, badilisha seti pande zote mbili. Bushi na pini za kwenye ncha za springi, ukizichokonoa na mtaimbo zikicheza basi zimeisha. U-bolti nunua mpya, za zamani zishavutika, alafu ukipiga tripu mbili tatu na mzigo uzikaze tena, hapo ndo wengi mnazembea.